Mwalimu Anatembea na Gari Lipo

Karurumo,
S.L.P. 27,
Runyenjes.
14 Agosti 2018.

Mpendwa ndugu yangu Koome,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako, Mwalimu Njue. Natumaini wewe, Kiende na watoto mko wazima huko Kanada, na ile baridi yenu bado haijarudi. Sisi kwa neema ya Mungu tunapumua. Mama huko Kaaga ni mzima, amegombana na daktari wa meno na ameshinda. Mvua ilitosha, maharagwe yalikubali, na magoti yangu yanalia nikiinama, lakini hiyo si habari.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Kwa simu wewe hunikatiza, Koome, tangu utoto wako. Hapa utanyamaza mpaka nimalize.

Jambo lenyewe ni gari ulilotununulia. Kaa chini kwanza. Halijagongwa, halijauzwa, halijaibwa. Ila wiki nyingine limelala bandani chini ya turubai na shemeji yako anatembea kwa miguu, na wiki nyingine analiendesha kutwa nzima, hata hatua chache hatembei. Nimechanganyikiwa, na ninadhani wewe ndiwe unayeweza kunitoa hapa.

Yalianza mwezi wa tatu. Mwalimu alipata kidonda kwenye kidole cha mguu, kikakataa kupona, na sukari yake unaijua. Tulipofika kliniki tulimkuta Daktari Gacheri, yule mama mpole, ameketi meza moja na mwanamume aliyetandaza ramani ya barabara na mashamba. Mwalimu kuona ramani tu akageuka atoke. Alidhani tumeingia kwenye kesi ya shamba, na huku kwetu mtu akitandaza ramani mbele yako ujue kuna kipande chako kinaenda. Nilimvuta koti akarudi.

Kumbe yule ni Bwana Muthamia, afisa wa mipango, anayepanga barabara ipite wapi na soko likae wapi. Siku za kliniki ya sukari wanakaa pamoja. Daktari anauliza ugonjwa, Muthamia anauliza njia. Walimuuliza Mwalimu anafikaje kanisani, dukani, posho mill kusaga unga. Naye akajibu kwa maringo kwamba kila mahali ni kwa gari, hata kiberiti anakifuata kwa gari. Alitegemea kupongezwa.

Daktari hakuzunguka. Alisema kidonda kikipona Mwalimu atembee kila siku, la sivyo damu haitafika vizuri miguuni na siku moja mguu huo utakatwa. Muthamia naye akauliza kwa nini watu wa Karurumo hawatembei. Nikamjibu mimi, kwamba barabara ni ya malori ya mchanga, na anayetembea anatembea ndani ya mtaro. Akaandika.

Hapo ndipo kichwa kilianza kunizunguka. Baba alitulea akituambia tusome ili tusije tukatembea. Mtu wa miguu ni mtu aliyeshindwa, ndivyo tulivyojua. Sasa watu wawili waliosoma kuliko sisi sote, mmoja wa dawa na mmoja wa barabara, wanatuambia tushuke. Na wanakubaliana! Watu wa ofisi ninaowajua mimi, wa maji akifukia mtaro leo, wa stima anaufukua kesho.

Njia waliijenga kweli, kando ya barabara, kutoka sokoni mpaka dispensari. Imeshindiliwa udongo wa murram vizuri, ina vigingi vya kuzuia pikipiki na mabenchi ya kupumzikia. Tuliipenda sana. Tukaanika maharagwe. Usicheke. Mtu wa hapa akiona mahali safi, tambarare, penye jua, hawazi miguu, anawaza mavuno, na yangu yalikuwa mbele kabisa. Daktari na Muthamia walikuja kuona watu wakitembea, wakakuta maharagwe mwanzo hadi mwisho na akina mama tukifukuza kuku. Walitazamana, wakaenda kando wakanong'ona. Hawakutufokea. Baadaye nyuma ya soko pakamwagwa saruji tupate uwanja wa kuanikia, na njia ikabaki wazi.

Kidonda kikapona, Mwalimu akaanza. Anatoka bila jembe, bila kiondo, anafika lango la dispensari, anageuka, anarudi. Wewe umezaliwa huku, unajua mtu wa namna hiyo anafikiriwa nini. Tena vijana wote wa pikipiki hapa ni wanafunzi wake. Mukiri alimwona akasimama. "Mwalimu, panda. Mimi siwezi pita nikuwache kwa barabara kama mgeni." Kukataa lifti ni kumtukana mtu, kwa hiyo akapanda. Ikawa kila siku anaondoka kwa miguu na kurudi amebebwa. Nikampa mtungi wa maziwa mtupu aonekane ana safari. Wakasimama wengi zaidi, wamsaidie kubeba.

Halafu akaja Cicily, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na wenzake wamebeba ndizi, maziwa na mfuko wa sukari. Sukari, Koome, kwa mgonjwa wa sukari! Wakaimba, wakamwomba Bwana aturudishie tulichonyang'anywa. Nikaitikia Amina kwa sauti kubwa bila kujua tumenyang'anywa nini. Kumbe Karurumo yote inajua gari limechukuliwa na benki. Niliwapeleka bandani nikafunua turubai. Cicily akalitazama, akanishika mkono. "Pole sana Mama Karimi. Kumbe ni pesa ya mafuta ndiyo iliisha."

Nilipowasimulia wale wawili kule kliniki, Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Lakini Jumapili iliyofuata walikuja kanisani wakapewa nafasi. Yeye akaeleza sukari inavyokula mishipa ya miguu, Muthamia akaeleza njia ni ya nini, na baada ya ibada wakatembea nasi mpaka mwisho wake. Siku hizi Mukiri humwinulia Mwalimu mkono na kupita. Hata Cicily anatembea, tena na mimi, na maneno yake ni marefu kuliko njia.

Ungedhani mambo yametulia. Wapi! Wiki moja Mwalimu anatembea vizuri anapiga mluzi, wiki nyingine anaingia garini asubuhi na kuendesha hata mpaka lile duka linaloonekana ukiwa mlangoni kwetu. Nilidhani ni uvivu. Nikadhani ni aibu. Nikadhani labda mimi nimemkosea. Nikimuuliza ananiambia gari likikaa sana betri inakufa.

Wiki jana alivua kiatu nikaona damu kwenye soksi. Msumari ulikuwa umepenya soli ukamchoma, na yeye hakusikia chochote. Alinitazama kana kwamba ninamweleza habari za mtu mwingine. Niliogopa, ndugu yangu, nikaenda jikoni nikalia. Daktari amemsafisha, na amesema miguu imeanza kufa ganzi. Jeraha likipona atembee, na asiache tena.

Sasa, juzi Jumapili ukapiga simu. Mlipomaliza tu akachukua ufunguo, na mguu wenyewe una bandeji. Nikasimama kwenye mlango wa banda nikamwambia hapiti mtu. Ndipo aliposema. "Koome ameniuliza gari inaendaje, nikamwambia inaenda poa. Sasa unataka nikae hapa nikiwa mwongo? Huyo kijana alifanya kazi za usiku kwa baridi ndio mimi nisitembee."

Hapo ndipo nikaelewa. Ukipiga simu, anaendesha. Usipopiga, anatembea. Miezi yote hii nimekuwa nikitafuta sababu Karurumo, na sababu iko Kanada, tena haina kosa lolote.

Usiudhike. Zawadi yako tuliipokea kwa machozi ya furaha, na siku ya mvua kubwa au ya kumpeleka mama hospitali tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Bado sielewi zawadi iliyotolewa kwa upendo hivi inawezaje kumwumiza anayependwa. Sijui hata kama ninafanya vizuri kukuandikia bila yeye kujua. Ninachojua ni kwamba mguu wa mume wangu ninautaka ukae pale ulipo.

Karimi anakusalimu, yuko Embu, amepanga nyumba mtaa wa huko uitwao Dallas na kazi yake inaendelea. Mama anasema watoto wako wajifunze Kimeru kabla hajafa, na anasema hafi karibuni. Nisalimie Kiende sana, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishonesha na kinanikaa. Mungu awafunike mlalapo na awatangulie muendako.

Na Jumapili, Koome, usimuulize gari. Muulize mguu unapona, na ukishapona muulize ametembea akafika wapi. Kisha nyamaza umsikilize.

Mimi dada yako nikupendaye kwa moyo wote,

Kathambi
(Mama Karimi)