Zamu Uliyonyang'anywa

Nkwabi, mdogo wangu,

Nimekiona kilima chako. Nimerudi Mwanza jana, nimeegemea mito miwili hapa kwa mwanangu, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Nimewahi kuwachapa watoto waliokuwa na mwandiko mzuri kuliko huu.

Tangu utuache mambo mengi yamegeuka. Mkeo bado analima pamba yake na bado hataki kushauriwa. Binti yako Minza amekuwa mhandisi wa barabara. Wanaume wenye ndevu wanamwamkia na kungoja aseme wapi pachimbwe. Ungemwona! Mimi moyo wangu umechoka. Daktari alimwita mwanangu nje ya mlango, akidhani sisikii, lakini mtu aliyefundisha darasa la watoto tisini husikia mnong'ono wa dawati la nyuma. Nikampigia Minza simu, nikamwambia: nipeleke nyumbani kabla sijapelekwa.

Alinifuata Jumamosi asubuhi na kigari chake. "Shangazi, funga mkanda. Trafiki hawaangalii mvi." Mji ulitung'ang'ania kwa saa nzima, pikipiki kulia, malori kushoto, honi kila upande. Tulipopita Kisesa nikaanza kupumua. Lamadi tukaiacha barabara ya Musoma, tukaingia ya kwetu, na Minza hakunyamaza tena. "Ona mtaro huu usio na kina, Shangazi. Aliyeuchimba alikuwa na njaa." Mvua zimekuwa nzuri mwaka huu. Kuanzia Mkula mpunga ulikuwa umesimama majini, na ng'ombe walikuwa wanang'aa kama waliopakwa mafuta.

Halafu, kabla ya Sapiwi, akapunguza mwendo. "Kile pale. Cha baba." Alisema kama mtu anayeonyesha cheti.

Nkwabi, mimi nilikijua kile kilima kikiwa kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Mawe na mavi ya mbuzi, basi. Watu walikucheka ulipoanza kukizungushia matawi ya miiba na kukifanya ngitili, hifadhi ya malisho, peke yako. Sasa migunga imeshikana mikono mpaka juu, na nyasi chini yake zinanifika kiunoni. Chini kabisa kuna chemchemi ambayo mama yetu aliisikia kwa bibi tu, hakuiona. Minza alinishusha, nikasimama na fimbo yangu, nikajivuna kama vile ni mimi niliyefanya kazi.

Ndipo aibu ikanishika. Maana niliyoyafanya mimi unayajua wewe peke yako, na hukuyasema.

Minza alikuwa ameniuliza njiani kwa nini wazee wanakuita Msinzia. Nilimwambia kwanza mambo ya juu juu, hata anayoyajua: kwamba ngitili ni malisho yanayofungwa masika, asiguse mtu, ili kiangazi kikikaza mifugo ipate cha kula; kwamba vijana hukaa zamu kulinda; kwamba zamani, katika ule ukame mkubwa, ngitili ya kijiji iliingiliwa wakati wa zamu ya baba yake. Nikaishia hapo. Hata kwenye gari, na kifo kimekaa kiti cha nyuma, niliishia hapo.

Niseme sasa. Ni mimi niliyeingiza ndama. Zilikuwa zimebaki siku chache wazee waifungue, lakini wale ndama watatu niliokabidhiwa walikuwa hawasimami sawasawa kwa njaa. Nilivuka nao mpaka wa ngitili mchana kweupe, jua la utosi, watu wote wakiwa vivulini. Jioni nyayo zikaonekana. Wazee wakakaa dagashida, baraza zima la kijiji, wakakuuliza ulimwona nani. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, barua ya chuo cha ualimu imekunjwa ndani ya kitenge. Baba alikuwa anatafuta sababu moja tu ya kuniozesha. Nawe, kijana wa miaka kumi na sita, ukasema, "Nililala."

Wakakutoza fahali wako mmoja, yule mwenye baka jeupe, wakamla mbele yako. Wakakunyang'anya zamu maisha yako yote. Jina la Msinzia likakuganda.

Nilidhani kweli ulilala. Nilijidanganya hivyo mpaka asubuhi uliyonibebea sanduku la bati kwenda kupanda basi. Uliliweka chini, ukatabasamu, ukasema, "Dada, ndama wako wamenona." Hukulirudia neno hilo tena, miaka zaidi ya sitini.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni siku ya harusi yako, walipokutania, "Bibi harusi, mume huyu usimwachie mlango, atasinzia," uwanja wote ukacheka. Nami nikacheka, Nkwabi. Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi, nimevaa viatu vya kisigino, nikacheka nikikutazama.

Jumapili baada ya ibada wanakijiji walikutana chini ya kilima kuchagua walinzi wa msimu. Maana siku hizi kilima chako ni cha wote, na kinalindwa kama kanisa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikaitikia salamu za "mwangaluka" mpaka koo likakauka. Mtu akamtaja Shija, kitinda mimba wako. Mzee Maduhu, yule jirani yetu ambaye mdomo wake haujawahi kuzeeka, akadakia: "Shija? Jamani, ukoo ule wa Msinzia! Mpeni na godoro kabisa."

Wakacheka. Shija akatazama vidole vya miguu yake. Ana watoto wanne, mtu mzima, anatazama vidole vyake kwa ajili ya ndama wangu.

Nikamwambia Minza, nisimamishe. Akadhani nataka kwenda uani. Nikasema, kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi, ambayo sikujua kama bado ninayo: "Nkwabi hakulala. Aliniona. Ni mimi niliyeingiza ndama, naye akanificha ili nikasome." Nikaeleza yote, hata kicheko cha harusini. Minza alikuwa amenishika kiwiko; nilisikia vidole vyake vikikaza, kisha vikilegea, kisha vikikaza tena.

Maduhu akavua kofia. "Mwalimu, kwa hiyo miaka yote hii tumemcheka mtu mwenye macho kutuzidi?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi adhabu ipo pale pale. Kosa la ngitili halizeeki."

Minza akaruka: "Babu, huyu ni mgonjwa!" Lakini mimi nilifurahi. Nilifurahi, mdogo wangu, kwamba hawakunihurumia. Wazee wakajitenga kando, wakanong'onezana, wakarudi. Fahali hawamtaki, mwenye kumtoa alishamtoa. Walichoamua ni kwamba nikae zamu moja, jioni ile ile, kama ulivyopaswa kukaa wewe niliyekunyang'anya zamu. Na Shija akapewa uongozi wa walinzi wote, hakuna aliyepinga. Maduhu alisema "wabeja" mara mbili, sijui akimshukuru nani.

Basi nilikaa. Walinibeba na kiti changu mpaka pale penye mwanya wa njia ya mbuzi. Mkeo alikuja kukaa nami. Halafu akasema, "Alikuwa akisoma barua zako kwa sauti, zote, hata zile za kulalamika juu ya chumvi ya shuleni." Akanifunika khanga miguuni. Mbuzi mmoja alikuja kujaribu bahati yake, nikamtupia jiwe. Halikumfika hata nusu ya njia, lakini alinielewa.

Njiani kurudi Minza alisimamisha gari Magu. Pale akasema, "Shangazi, nimekukasirikia, na nimejivunia baba mpaka kifua kinauma. Vyote viwili." Nikamwambia avishike vyote viwili.

Sikuombi msamaha kwa karatasi; nitakuja kuuomba kwa mdomo, na si mbali. Kwaheri ya muda, Nkwabi, mwana wa mama. Ninakuahidi jambo moja. Mwanangu bado ananisimulia kwa wanawe kama mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya. Ijumaa anarudi safari. Nitamkalisha, na wajukuu wote, nami nitawaambia shule yangu ilitoka wapi.

Dada yako,
Kabula