Matoatoa

Kianda, Kibera
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini lile goti limepoa na mvua haijaharibu maharagwe. Nasike, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikataa tangu Alhamisi. Ningepiga simu, lakini siku hizi naogopa hata sauti yangu.

Unajua kazi yangu ni kupeleka wageni mbugani. Sisi madereva tunaongea kwa redio, na majina ya wanyama tunayaficha ili wageni wasianze kutusukuma. Simba ni Sharubu, duma ni Madoadoa. Lakini sisi watu wa Bungoma hiyo "d" inatushinda, mimi natoa "Matoatoa". Dereva mwenzangu Kyalo ndiye aliyenibandika jina hilo, na sasa hata mlinzi wa geti ananiita hivyo. Nilikuwa nacheka nao.

Sheria yetu kubwa ni kwamba duma mwenye watoto hatangazwi. Ukimwona, unazima injini ukiwa mbali, wageni wanatazama kwa darubini, mnaondoka kimya. Alhamisi kuna mtu alitangaza. Magari kumi na saba yalimzingira yule mama, mengine yakiacha barabara, watu wamesimama juu na simu zao. Akakimbia. Watoto watatu walibaki nyasini wakilia kama vifaranga. Askari wa mbuga walipofika jioni walikuta mmoja tu.

Lawama imemwangukia Kyalo, huyo wa Riruta Satellite aliyenipa godoro nilipofika Nairobi. Gari lake ndilo liko mbele kwenye picha walizopiga wageni. Anasema aliitwa redioni, lakini amekataa kumtaja aliyemwita. Madereva wengine pia wamefunga midomo, kwetu madereva hatuchomani kwa wakubwa. Jana mkewe Mutheu alikuja hapa akaniuliza kama niliisikia sauti hiyo. Nilimwambia redio yangu ilikuwa mbovu. Akanishukuru, Mama! Akaniachia na ndizi.

Kesho asubuhi kamati ya nidhamu ya madereva inakaa. Kyalo akipatikana na makosa atanyang'anywa beji, na hataendesha wageni tena. Halafu kuna mgeni aliyechukua video, na redio inasikika ndani yake. Wataicheza mbele ya kila mtu. Pikipiki ikisimama tu nje ya ploti, nazima taa nikidhani wametumwa kuniita.

Mama, ni mimi. Niliwaona wale duma kabla ya wengine, kichwa kikavimba, nikatangaza "Matoatoa" redioni ili wote wajue. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewahubiria wageni wangu kuhusu kuheshimu wanyama! Kyalo anajua ni mimi, angekosaje kujua? Ananificha. Na mimi nafanya nini? Tangu Ijumaa nimejifungia humu chumbani, nimesimama mbele ya kioo najifunza kusema "Madoadoa", ili kamati ikiniambia nitamke, nisijulikane. Leo watu wakiwa kanisani likatoka, safi kabisa, mara tatu. Hapo ndipo niliogopa kweli. Yule mtu wa kwenye kioo sikumjua.

Nikimaliza barua hii naenda Satellite kwa miguu, nimwambie Kyalo na Mutheu kwa mdomo wangu. Sijui watanipokeaje. Beji yangu ndiyo itakayokwenda, kwa hivyo msishtuke mkiniona nyumbani na mkoba.

Nasike, usilie mbele ya Mama. Wasalimie majirani wote na mniombee. Kesho wakiniambia nitamke lile neno, Mama, nitalitamka kwa ulimi ulionipa wewe.

Mwanao mwoga,
Nalianya