Gari la Babu Litakungoja Langoni

Mwanangu Odhiambo,

Gari la babu yako limetembea! Limetembea lenyewe, bila kusukumwa, kutoka gereji ya Nyalenda mpaka hapa kwangu Nyamasaria, na mimi nimekaa mbele kama mke wa waziri.

Sasa nikusalimie. Hujambo? Mke wako je, kifua kimepona? Mvua imewafikia huko Bondo? Mimi mzima. Samaki wanauzika, magoti yananisumbua kidogo, lakini siku hiyo hata magoti yalinyamaza.

Najua ulisema hutaki habari ya gari hilo, tangu ndugu yako Owino alipokuja na lori akalibeba kutoka nyuma ya nyumba ya babu bila kukuuliza wewe, kifungua mimba. Alikosa. Nilimwambia kwa mdomo huu, na nitamwambia tena mbele yako. Kitu cha baba hakitoki langoni bila neno la mkubwa. Lakini soma mpaka mwisho.

Unakumbuka lilivyokuwa. Kuku walitaga kwenye kiti cha marehemu baba yako, na kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka unaona nyasi. Owino alifungua injini yote akaitandaza juu ya magunia. Mafundi wenzake wakamcheka: "Bwana, hii peleka kwa watu wa sufuria wakaiyeyushe!" Yeye akaendelea kupanga vyuma vyake. Kila Jumapili akitoka kanisani, anarudi chini ya gari. Sakafu amechomelea mabati mapya, rangi ni ileile ya maziwa aliyoipenda babu. Siku lilipowaka, wale wale wakaja kugombania kupiga honi. Nikawaambia, "Kwanza semeni, huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wako, Mama!"

Basi nikawaruhusu.

Sasa sikia hili. Mlango wa nyuma bado umebonyea pale ulipougonga kwenye nguzo ya lango, wakati baba yako anakufundisha kuendesha. Fundi wa bodi alishika nyundo anyooshe, Owino akamshika mkono.

"Hapo acha."

"Gari lote limenyooka, unaniachisha hapa? Watu watasema mimi si fundi."

"Hapo ni pa ndugu yangu mkubwa. Akitaka panyooke, ataniambia mwenyewe."

Nilitoka nje nikapenga kamasi. Gereji ina moshi sana.

Nikamwambia Owino, "Basi twende nyumbani Bondo kesho." Akakataa. Anasema hawezi kuliingiza langoni kabla yako. Atalifikisha nje ya lango, azime, akupe ufunguo, wewe uliingize. Usipotoka, ataliacha hapo hapo arudi mjini kwa miguu. Na unamjua. Kile kichwa kigumu cha babu mligawana nyinyi wawili, hakuna aliyepunjwa.

Nisalimie mke wako, na shangazi yenu anayeimba kwaya, aandae sauti. Msalimie pia yule jirani aliyesema gari litaota mti ndani. Mwambie asimame karibu, aone vizuri.

Wewe vaa lile koti la baba yako.

Ni mimi mama yenu, wa kiti cha mbele.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, saa sita mchana. Wote wawe langoni, na wewe mbele yao.