Ushungi wa Zuhra kwenye kisu cha roboti

Adija uko wapi?? Soma hii sasa hivi. Ni kuhusu Zuhra wetu.

Mashindano ya roboti za kupigana hapa Kasulu. Roboti yake ilikuwa imeshaipindua ile ya Kibondo, filimbi imepigwa, watu wanashangilia. Athanase, yule kijana wa Kibondo, akaingia kizimbani kuchukua ya kwake.

Kile kisu cha mbele cha roboti ya Zuhra kikaanza kuzunguka tena. Chenyewe!

Akabonyeza rimoti. Wapi. Akabonyeza tena. Wapi! Na unaijua ile betri aliyoiunga mwenyewe, ina nguvu kama shetani. Roboti ikamfuata Athanase mpaka kwenye kona. Akapiga kelele: "Zima! Zima jamani!"

Zuhra akaruka ndani. Adija, akavua ushungi. Mbele ya ukumbi mzima, akavua ushungi! Akaurusha kwenye kisu, ukajisokota, mota ikanguruma, ikatoa moshi, ikafa. Athanase hana hata mkwaruzo.

Sasa ona: Zuhra kichwa wazi, na baba yake, Mzee Mudathiri, amekaa mstari wa mbele. Tulivyombembeleza aje! Mzee akasimama. Zuhra akafumba macho.

Mzee akavua koti lake, akamfunika nalo kichwa. "Umeumia, mama?"

Zuhra akalishika lile koti kwa mikono miwili.

Majaji wakatangaza roboti yake imeondolewa mashindanoni. Mzee akawageukia: "Sawa, iondoeni. Ila msiitupe. Mwanangu ataitengeneza."