Ushuhuda Haufutwi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekagua video za mtandaoni mia mbili na kumi leo. Macho yanawaka. Maji ya kitunguu yanatibu presha, soksi zenye chumvi zinatoa sumu mwilini, kusimama kichwa chini kunarudisha macho — na kila mmoja ni daktari aliyejipa cheo mwenyewe. Nilipoacha kaunta ya duka la dawa nilidhani nimepumzika na ujinga wa watu. Wapi! Kule ulikuja mmoja mmoja. Huku unapanga foleni.

Mpya wa leo ni mzee mwenye koti jeupe, mikunjo ya dukani bado iko mabegani. Nimembatiza Bwana Kongosho. Anasema sindano za kisukari zinalifanya kongosho kuwa vivu. Yeye aliziacha, kongosho likaamka. Likaamka! Lilikuwa limelala kwenye kochi? Halafu, mjanja huyo, anamalizia: mimi simshauri mtu, nasimulia tu yaliyonikuta.

Vitufe vyetu ni viwili, Futa na Acha. Mtu akisema "acheni dawa", unafuta. Akisema "mimi niliacha", mwongozo unatuambia tutumie busara. Busara! Na tuna sekunde arobaini kwa kila video. Nimeipeleka kwenye kikao cha kesho wakaumize vichwa wote.

Jumanne, 4 Machi

Kikao. Tuko watano, tunapiga kura. Mwalimu — wa meza ya jirani, alifundisha shule ya msingi miaka kumi na minane na bado anaongea nasi kana kwamba tuko kwenye madawati — anataka Bwana Kongosho afutwe yeye na ukoo wake. Kidole juu: watu watakufa!

Nikamuuliza, na ile dawa ya maji ya kikohozi ya mwaka jana? Akina mama walilalamika kwamba inawalaza watoto wao usingizi wa ajabu. Sisi tukafuta. Madai yenye utata, tukasema. Miezi mitatu baadaye dawa ikaondolewa madukani. Nani kati yetu aliomba radhi? Nikaendelea, maana nilishapata moto: watu wazima si darasa la pili, wana akili zao, mtu akisimulia mwili wake mwenyewe sisi ni nani?

Nilisema vizuri mno. Mbili kwa mbili, kura yangu ikaamua. Acha. Bi Takwimu, msimamizi wetu, akaandika hapo hapo kwenye mwongozo: ushuhuda wa mtu binafsi haufutwi. Akanisifu mbele za watu. Mwalimu alikunywa chai akinipa mgongo. Mwache avimbe.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kongosho ana video tatu mpya. Zote zinaanza na "simshauri mtu". Acha. Acha. Acha.

Alhamisi, 6 Machi

Baada ya kazi nilipita kwa dada. Chumba cha kushonea kimejaa sare za shule, huwezi kuona sakafu. Nilikalia rundo la kaptula. Dada ana kisukari tangu ana miaka kumi na minne, sindano nne kwa siku, na sijawahi kumwona akilalamika — kalamu zake za dawa, ndizo sindano zenyewe, zinakaa kwenye mlango wa friji, pale pa siagi. Mimi ndiye ninayeogopa sindano, si yeye.

Amepungua kidogo. Nikamwambia sketi inamlegea, akafurahi. Kando ya cherehani ana jagi la maji, kalimaliza na kulijaza tena mbele yangu. Nikamtania kwamba atakausha bomba la mtaa mzima. Tukacheka sana.

Akaniuliza kama bado tunafuta uongo huko kazini. Nikamjibu kwa mbwembwe: dada, uongo kwetu haukai, tunapiga deki kila siku. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilotaka. Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwenye teksi.

Zamu ya wikendi, saa nne asubuhi. Inafunguka video — jiko, pazia la maua ya bluu. Pazia hilo nililipinda mimi! Dada yangu. Amepaka wanja. Ana kisukari tangu utotoni, anasema. Alianza kupunguza sindano tangu Jumatano, jana kaacha kabisa, anajisikia mwepesi. Na mwishoni, kwa sauti ile ile ya kukariri: mimi simshauri mtu.

Jagi. Sketi. Miaka minne nilisimama kwenye duka la dawa nikiwaambia wateja, ukiona kiu imezidi na mwili unapungua, pima sukari haraka. Alhamisi nilimchekea!

Ukimjua mtu huruhusiwi kumwamulia. Unabonyeza "Namjua", inakwenda meza nyingine. Ikaenda kwa Mwalimu. Akaangalia kioo chake, akaniangalia mimi. Akabonyeza Futa. Dakika sita baadaye Bi Takwimu akairudisha, na ujumbe juu: ushuhuda haufutwi, tulikubaliana Jumanne. Mwalimu hakusema "nilikwambia". Ningependa aseme.

Nimempigia dada mara tisa. Ya kumi akapokea, anacheka, sauti nzito. Kumbe umeiona! Nikamwambia achome sindano sasa hivi, kabla hata ya kukata simu. Akasema nisimfokee, mimi ndiye niliyeipitisha.

Nimepitisha nini?

Ile ya mzee, akasema. Aliiona Jumatatu, hakuiamini. Akasubiri. Alijua ikiwa ni uongo itafika kwangu, na mimi ni mtu wa dawa, nitaifuta. Jumanne ipo. Jumatano ipo, na nyingine tatu juu yake, akaanza kupunguza. Alhamisi akaniuliza kwa mdomo wake, nikamwambia uongo kwetu haukai.

Eti nani mwingine angemwamini kama si mdogo wake?

Halafu akasema ametapika kidogo, ni sumu zinatoka. Nikachukua mkoba. Bi Takwimu akaniita kutoka nyuma kuhusu ruhusa. Aende zake na ruhusa zake! Dereva, tafadhali, huyu anaendesha kama amebeba mayai.

Jumatatu, 10 Machi

Hospitali. Asubuhi, benchi la koridoni.

Jana nilimkuta juu ya sare, pembeni ya cherehani. Anapumua kwa nguvu na haraka, kama mtu aliyekimbia, na mdomo unanuka matunda yaliyooza. Kalamu ziko pale pale kwenye friji. Daktari anasema damu imejaa asidi, wanamrudishia maji na dawa polepole, wanapima kila saa. Hajafumbua macho. Nikiuliza ataamka lini wananijibu "tunaangalia". Nami nalijua neno hilo, nililitumia kwa wateja nilipokuwa sina la kusema.

Mama kafika na khanga mbili begani. Akauliza ni nani aliyemdanganya mwanawe. Nikasema watu wa mitandaoni. Akawalaani — waliosema, na walioona wakanyamaza, wote, mmoja mmoja. Nikaitikia amina. Sina haya.

Simu ya dada iko mapajani kwangu. Namba yake ya siri naijua tangu zamani. Video imetazamwa mara elfu thelathini na moja. Ubarikiwe dada. Umenifungua macho. Kesho naanza. Kuna mmoja kaweka mioyo kumi na miwili, nimeihesabu kama mwehu. Video nimeifuta mwenyewe, bila kikao na bila kura. Nikatafuta kidogo: Bwana Kongosho ameshainakili, iko kwake, na maandishi makubwa mekundu, "BINTI HUYU WANAMZIBA MDOMO". Nikairipoti kama raia yeyote. Jibu limekuja baada ya dakika tatu: ushuhuda wa mtu binafsi, hauvunji kanuni. Nimeisoma mara mbili. Kiswahili chenyewe fasaha. Changu, cha kikao cha Jumanne.

Saa tatu na robo umeingia ujumbe kwenye simu ya dada. Mwanamke, simjui. Dada yangu, anasema, nimekufuata, sindano nimeacha tangu jana. Leo natapika na kiu haikatiki. Ni kawaida?

Nikaandika: HAPANA. Choma sindano sasa, nenda hospitali sasa hivi.

Akajibu: Mbona unaongea kama wao? Wamekutisha? Naona na video yako wameiondoa.

Nikamwambia mimi ni mdogo wake, video nimeifuta mimi, dada yuko mahututi kwa ajili ya mambo haya haya. Nikapiga, akakata. Nikapiga tena, akakata. Nikasimama mlangoni mwa wodi nikampiga dada picha, na mipira yake ya dripu, na mdomo wazi — Mungu anisamehe, dada ambaye hapigwi picha bila wanja. Nikaituma.

Ameiona. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena.

"Picha siku hizi zinatengenezwa."

Halafu, chini yake: "Ila nachoka. Kifua kinapumua chenyewe haraka haraka."

Nimemuuliza yuko wapi. Mtaa gani, nyumba gani, yuko na nani hapo. Nimemwambia sihitaji aniamini, anitajie mtaa tu. Ameona. Nimeandika tena: mtaa tu. Muuguzi ametoka mlangoni, anaita ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha sita. Ndiyo sisi. Mama keshanyanyuka, ananivuta mkono, anasema hiyo simu ina nini leo, na yule mwanamke kwenye simu anaanza tena kuandika