Daku la Mzee Athumani

Malindi,
Mfungo Mosi

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Nakuamkia wewe pamoja na Mama, na ningependa kujua goti lake linaendeleaje tangu mvua zianze. Dawa ya kuchua niliyompa Mwalimu Lali awaletee imefika? Na anaitumia, au ameifungia kabatini? Mimi ni mzima. Idi nimeila hapa hapa, kati ya zamu mbili, kwa sahani ya biriani aliyoniletea jirani. Najua mlinitazamia. Sikuja kwa sababu sikupata ruhusa. Lakini jambo langu sasa limekwisha, na ndilo ninalokuandikia.

Nimepita, Baba. Nalitanguliza hilo usije ukasoma ukiwa na wasiwasi.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Nilipotolewa kliniki ya Magarini nije nisomee kazi ya nusukaputi, sikupelekwa chuoni. Niliwekwa chini ya Bwana Mutua, anayelaza wagonjwa kwa dawa kwenye chumba cha upasuaji, nikaambiwa nitajifunza nikifanya kazi, hadi siku nitakapomshughulikia mgonjwa mwenyewe mwanzo mpaka mwisho mbele ya daktari mpasuaji anayekuja kutoka Mombasa. Akiridhika, atatia sahihi. Asiporidhika, narudi Magarini kugawa vidonge vya malaria, na nafasi yangu anapewa mwingine. Kurudia hakuna.

Bwana Mutua ni mtu wa Machakos, si msemaji. Miezi ya mwanzo hakuniachia niguse mashine. Kazi yangu ilikuwa kushika taya la mgonjwa aliyelala, kuliinua ili njia ya pumzi isizibe, na kusikiliza. Siku moja nikamuuliza mashine nitaifundishwa lini. Akaniambia, "Mashine ni ya asubuhi moja. Taya ni la mwaka." Wewe uliyefanya kazi ya udresa, kufunga watu vidonda, miaka yote hiyo utamwelewa kuliko mimi nilivyomwelewa wakati ule.

Siku yangu ikaangukia ndani ya Ramadhani. Mgonjwa alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Ngomeni anayefanya kazi ya chumvi huko Marereni. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi, kubwa, na kila akiinua gunia ilizidi kushuka. Alilazwa wodini jana yake, akaambiwa asile wala asinywe kitu hadi apasuliwe. Asubuhi Sista Rebeka wa wodini, aliyehamia juzi kutoka Meru, akaniletea habari zake. "Huyu hana shida," akasema. "Nimemuuliza mara mbili. Amefunga."

Mzee akalazwa mezani. Daktari alikwisha kunawa na kuvaa glavu. Bwana Mutua alisimama ukutani, mikono nyuma, kama tulivyokubaliana, asiseme neno. Nilikuwa nimeshika barakoa ya dawa mkononi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, Baba, na tumbo langu lilikuwa bado zito kwa viazi vya daku. Hapo ndipo nikamwinamia.

"Mzee, daku umelipata?"

Uso ukamchanua. "Alhamdulillahi, mwanangu. Mke wangu yuko kwa dada yake hapa mjini, akaniletea kabla ya adhana. Wali wa nazi, papa wa kukaanga, na maziwa bilauri mbili."

"Hukuambiwa usile?"

"Nimeambiwa. Ndiyo nikatia nia nifunge. Nikasema nitapata mawili kwa mpigo, kupasuliwa na thawabu. Sasa mtu atafungaje bila daku?"

Huna haja nikueleze, ila Mama akiuliza mwambie hivi: mtu aliyelazwa kwa nusukaputi tumbo limejaa hutapika akiwa hajijui, na matapishi yakaingia mapafuni. Huyo huenda asiamke. Nawe utauliza kwa nini tusimchome ganzi tu. Ngiri ilikuwa kubwa mno kwa ganzi ya ngozi, na sindano za uti wa mgongo zilikuwa zimetuishia.

Nikaiweka barakoa chini. Nikasema, "Daktari, huyu simlazi leo."

Daktari akanitazama. "Sista amesema amefunga."

"Amefunga kweli. Lakini alfajiri amekula."

"Nimetoka Mombasa kwa ajili ya kesi hizi. Mpe kitu cha kumtuliza, tutakwenda haraka."

"Haraka haitaondoa wali tumboni, Daktari. Simlazi."

Akamgeukia Bwana Mutua. "Mutua, unasemaje?"

Bwana Mutua hakuondoka ukutani. "Leo mgonjwa ni wake," akajibu, basi.

Daktari akavua glavu, akazitupa kwenye beseni, akatoka. Mzee Athumani akainua kichwa. "Nimewakosea nini jamani? Papa hakuwa haramu."

Mchana ule nilijiona niko Magarini. Sikulia, lakini nilifua kanzu zangu zote za kazi nizirudishe zikiwa safi. Sista Rebeka alinifuata kwenye kamba ya nguo. "Mimi kwetu mtu akisema amefunga kwa maombi, hata maji ya jana usiku hakunywa," akasema. "Hii ya kula alfajiri mngetuambia." Nikamwambia ana haki. Tangu siku hiyo wodini huuliza habari za daku, na yeye ndiye huuliza kwa ukali kuliko wote.

Kulikuwa na kesi za siku ya pili, na Daktari angelala mjini, basi Mzee akasogezwa humo. Kazi ikawa kumshawishi Mzee asifunge kesho yake wala asile daku. "Binti wa Faza unanifungulisha mimi?" akaniuliza, maana nilikuwa nimemwambia kwetu ni Faza. Nikamwambia sikumfungulisha mimi, mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake, atalipa akipona. Akanung'unika, akala futari, na mkewe nikamkalisha kitako nikamweleza. Alfajiri kikapu cha daku hakikuja.

Asubuhi Daktari hakunisalimu. Aliuliza, "Leo amekula nini?"

"Futari ya jana. Nimemuuliza yeye, mkewe, na jirani yake wa kitanda."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamlaza Mzee, nikashika taya, na pumzi zikaenda sawa hadi uzi wa mwisho. Alipofumbua macho akauliza kama tumeshaanza. Daktari alitia sahihi akiwa bado amevaa aproni. "Jana ulinikasirisha sana," akaniambia. "Mgonjwa wangu mwingine pia utamlaza wewe." Akaenda kunawa.

Siku ya Idi yenyewe, Jumatatu, aliletwa mama kutoka Marereni wa kuzaa kwa kupasuliwa. Nilipokwisha kumlaza niligeuka kumtazama Bwana Mutua kama nilivyozoea. Ukutani hapakuwa na mtu. Alikuwa amekwenda kunywa chai. Mtoto alilia, mama yake akaamka salama, na Bwana Mutua hakurudi hadi tulipokuwa tunaosha vyombo.

Nisalimie Mama, na kaka yangu Bwanamkuu na mkewe. Msalimie shangazi Mwanakombo aliyenisomea dua, mwambie imepokelewa. Mwalimu Lali nampa shukrani kwa mzigo. Nitakuja nikipewa likizo, na safari hii nitalala nyumbani bila kuwaza kesho.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha