Uwanja Uliomchoma Mama Mkwe

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijasema lolote la huku, niambie kwanza hali yako na ya baba. Goti lako linakubali kupanda kile kilima cha kanisani? Na ukungu wa Wundanyi bado unawalaza na masweta? Sisi ni wazima, Mungu ametushika mkono. Mjukuu wako Akinyi ameota meno mapya ya mbele, sasa anacheka hata pasipochekesha ili watu wayaone.

Barua hii anakuletea binamu Mwakio anayekuja likizo. Kwenye simu huwa tunaishia kuulizana "unanisikia?", na habari hii nataka uipate ukiwa umekaa, chai mkononi.

Unakumbuka nilikuambia kwamba macho ya mama mkwe yaliisha kabisa, na kule Asembo Bay alikuwa amebaki peke yake. Nyumba yetu hapa Kisumu, huku juu ukishapita Kondele, ilipokamilika, tukamleta. Kwa mila ya Wajaluo mama halali chini ya paa la mwanawe, kwa hiyo Ochieng' alimjengea nyumba yake ndogo ng'ambo ya uwanja, mlango ukitazamana na jikoni kwetu. Asubuhi anavuka kuja kunywa chai, mchana anavuka kuja kula, jioni anavuka kusikiliza redio na kubishana nayo. Huvuka peku, wala hataki kushikwa. Akinyi akimpa mkono anamwambia, "Wacha, nyathina, mtoto wangu. Miguu yangu inaona."

Wakati huo uwanja ulikuwa udongo mtupu. Mvua zilipokuja, gari la Ochieng' likazama matope hapo hapo getini, majirani wakalisukuma huku wakicheka. Ndipo mume wangu akaamua kuweka kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga chini. Alikuwa ameona nyeusi kwenye hoteli moja karibu na ziwa, zikampendeza mno. Fundi wetu, Wekesa, mtu wa Bungoma, alimuuliza, "Nyeusi yote, Bwana? Mpaka huku jikoni?"

"Yote," Ochieng' akasema. "Mtu akiingia ajue ameingia kwa watu."

Zikapangwa toka getini hadi mlango wa jikoni. Sikatai, zilipendeza. Wewe mwenyewe nilipokutumia picha ulisema ni kama mbele ya benki.

Kisha mvua zikakatika. Mama, jua la Kisumu si kama lile letu la kuota tukinywa uji. Hili linakukalia kichwani. Na ni wakati huo huo mama mkwe alipoacha kuja kula mchana. Nilimpelekea chakula kwake. Akanishukuru vizuri, akala kidogo, akasema hana njaa. Kesho yake vilevile. Nikaanza kujiuliza ni nini nimemkosea. Nilijaribu samaki wa kukaanga, nikajaribu mboga za osuga na maziwa jinsi alivyonifundisha mwenyewe, nikabadilisha hata unga wa ugali. Nikamwambia Ochieng', "Mama yako amechoka na mapishi ya Mtaita." Akasema ni joto tu, atalizoea.

Jumamosi moja akamwita mwanawe, akamwambia bila hasira, "Baba, nirudishe Asembo. Mimi sitaki kukaa kama mgonjwa, nikibebewa sahani."

"Utakaa na nani kule, Mama?"

"Nitakaa na nyumba yangu."

Ochieng' alirudi jikoni akaketi. Mimi usingizi wangu ukawa haba, maana niliona kama nimemfukuza mama wa watu.

Wiki hiyo shule ninakofundisha ilitutoa mapema siku moja, nikafika nyumbani adhuhuri, kabla ya saa yangu ya kuja kumpakulia. Kupita getini, nikaona mlango wa mama mkwe unafunguka. Akasimama kizingitini, akanyoosha mguu mmoja, akaugusisha kabro, akaurudisha haraka kama mtu aliyegusa sufuria motoni. Akajaribu wa pili. Akashusha pumzi, akafunga mlango.

Nilivua viatu papo hapo nikakanyaga. Mama, niliruka! Nikatua, nikaruka tena, mkoba ukaniponyoka, na kila nilipotua palikuwa pabaya kuliko nilipotoka. Nikawa napiga kelele katikati ya uwanja wangu mwenyewe.

Mlango ukafunguka tena. "Nani huyo anacheza ngoma huko?"

"Ni mimi, Mama! Naungua!"

Halafu nikasikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje. Alicheka mpaka akashika mlango. Nami nilipofika kwake nikicheka na kulia, nikamkalisha kitandani, nikamtazama nyayo. Zilikuwa na malengelenge.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Mtoto wangu amefurahia hii mawe yake. Mimi nitasema nini? Na wewe umepika, umepika, mpaka mimi nahurumia sufuria."

"Si ungevaa hata ndala?"

"Nikivaa ndala, nitajua aje nimefika wapi?"

Jioni nilimwambia Ochieng' yote. Alienda kwa mama yake, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Tunaziondoa." Nikamwambia tusikimbilie kununua nyingine kwa macho. Aliyepaswa kuchagua ni mwenye miguu.

Basi Wekesa akaleta vipande vya kila namna, tukavipanga juani asubuhi ya Jumapili. Tulipotoka kanisani tukamvalisha mama mkwe kofia yangu kubwa ya ukindu, akashika fimbo, akaanza kukagua. Ochieng' naye alivua viatu na soksi, akasema kila atakachokanyaga mama atakikanyaga yeye.

Kipande cheusi hakuruhusiwa hata kukikaribia. Ochieng' alikipanda peke yake, akashuka haraka kuliko alivyopanda, na Akinyi akaanguka chini kwa kicheko. Kigae cha kung'aa nilikimwagia maji kidogo. Mama mkwe akakisugua kwa kidole gumba. "Hii ni ya kuvunja watu kiuno." Tofali jekundu la kuchoma akasema lina joto lakini mtu anaweza kuongea nalo. Akafika kwenye bamba la saruji nyeupe-nyeupe, lililopigwa ufagio kabla halijakauka ili liwe na mikwaruzo. Akasimama. Akaongeza mguu wa pili. Akaanza kutuuliza habari za mahubiri, na bado amesimama palepale.

"Mama, haichomi?" Ochieng' akauliza.

"Kwani nimelia?"

Cha mwisho kilikuwa rundo la kokoto. Hizo hakuzipenda mguuni, ila alipomsikia Wekesa akizikanyaga na buti alitega sikio. "Hii weka kule gari inapita. Mtu akiingia, nitamsikia kabla hajabisha."

Ndivyo tulivyofanya. Toka getini gari linapita kwenye kokoto, na mvua ikija maji yanazama yenyewe. Toka mlango wake hadi jikoni ni njia ya yale mabamba meupe, kingo zake zikiwa na mstari wa tofali, ili mguu ukipotoka ujue. Barazani pia ni mabamba hayo, na juu yake tumejenga fito tukapanda pasheni. Bado haijafunika, lakini inapanda. Zile nyeusi Ochieng' amezihamishia chini ya paa la kuegeshea gari, kivulini. Anakwenda kuzitazama mara mojamoja.

Siku njia ilipokauka nilipakua chakula mchana, nikakaa mezani, mikono mapajani. Nilisikia mlango wa ng'ambo ukifunguka, kisha fimbo, kisha nyayo zake zikija polepole, bila kusita. Aliingia, akavuta kiti chake mwenyewe, akasema, "Hii ugali ya Taita iko wapi?"

Akala, akaongeza.

Habari za Asembo hazijatajwa tena. Nilipomwambia naandika barua hii, alinipa salamu zake kwako: "Mwambie mama yako akuje. Na mtu asiende kumpokea kwa geti. Mimi nitamsikia, na mimi nitamleta mpaka kwa nyumba."

Basi ukiona goti limetulia, panga safari.

Mpe baba pole za shamba. Dada Mghoi, mshonaji wetu, mwambie gauni lilinitosha. Shangazi Wakesho namwombea afya kila siku, na mjomba Mwadime wa kwaya aimbe hata kwa niaba yangu.

Nakukumbatia kutoka kwenye joto hili,

binti yako,
Mkawasi